Njia za Ng'ombe, Njia za Baiskeli

Leo nataka tuzungumze habari za baiskeli, hasa mahali pa kuiendesha bila kupigiwa honi.

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na kuendelea hadi Sirari, mpakani na Kenya, inakatiza wilaya yetu ya Busega, mkoani Simiyu. Ukiwa hapa kwetu Mwamanyili, barabara hiyo ndiyo mlango wa kila kitu: hospitali ya mbali, soko la Lamadi, benki, ndugu waliohamia mjini. Siisemi vibaya. Lakini mtu aliyebeba madumu mawili ya maziwa kwenye keria anajua barabara hiyo inamwona vipi. Basi linalokimbizana na muda halimwoni kabisa. Lori linamwona, na linamwambia kwa honi ashuke. Naye anashuka, tairi la mbele linaingia kwenye changarawe ya bega la barabara, usukani unayumba, maziwa yanachafuka, halafu anapanda tena na kungoja honi ijayo. Huo ndio usafiri wa baiskeli kwenye lami yetu.

Sasa mtazameni mpanda baiskeli mzoefu wa huku kwetu, hasa mzee. Haendi na lami safari nzima. Anakwenda nayo hatua chache tu, akifika kwenye ua wa minyaa anakata kona, na hamumwoni tena. Mtakutana naye huko mwendako, ameshafika, ameegesha baiskeli chini ya mwembe na anakunywa uji. Amepita njia ya ng'ombe.

Usukuma una mtandao wa njia ambao haumo kwenye ramani nyingi. Ng'ombe ndio waliouchora, kwa kwato, wakienda lamboni, malishoni na mnadani. Mikokoteni ya kukokotwa na maksai ikaupanua. Watoto wakaongeza vipande vya kwenda shule, wanawake wakaongeza vya kwenda kisimani na kwenye mashine ya kusaga, na wakulima wa pamba wakaongeza vya kwenda kwenye ghala la ushirika. Kila kitongoji kimefungamana na kingine kwa njia tatu au nne za namna hiyo. Udongo wake umeshindiliwa na miguu kwa miaka mingi hadi ukawa mgumu. Wakati wa kiangazi tairi linateleza juu yake vizuri kuliko kwenye barabara ya moramu iliyolimwa mawimbi na malori.

Kuna nchi zinazotumia fedha nyingi kutafuta kitu cha namna hii. Kule Uingereza, watu wa mji wa Bristol walianza mwaka 1979 kugeuza reli iliyokufa kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu hadi mji wa Bath. Walimaliza mwaka 1986, na wengi wa waliopiga sururu walikuwa watu wa kujitolea. Ni kilomita 21 hivi, lakini kutokana na mbegu hiyo ulikua mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Ubelgiji nako, katika jimbo la Limburg, mhandisi wa migodi aitwaye Hugo Bollen alibuni utaratibu ulioanza kutumika mwaka 1995: kila njia panda ya njia ndogo za mashambani ipewe namba, na kibao kioneshe namba inayofuata. Mwendeshaji anaandika kwenye karatasi namba zake za siku hiyo, anaondoka, na hahitaji kumuuliza mtu. Migodi ya makaa ya mawe ya jimbo hilo ilikuwa imefungwa, na baiskeli ikawa mojawapo ya vitu vilivyowaletea wageni.

Sisi hatuna reli ya kufukua huku. Reli ya Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita Malampaka wilayani Maswa na bado ni reli ya watu. Kusini mwa Tanzania ndiko kuna reli iliyokufa kweli, ile ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ningependa siku moja mtu wa Lindi au Mtwara aiwazie habari hii. Kwetu Simiyu mali ni ya aina nyingine: njia zipo, zinatumika leo asubuhi, na hakuna aliyedai kulipwa kwa kuzitengeneza. Tatizo ni kwamba tunazipoteza, na nitalifikia.

Kwanza nizungumze na anayetaka kutembea tu. Maana kuna mtu atasema: baiskeli kwetu ni chombo cha kubebea mkaa na magunia, kutembea kwa baiskeli ni mambo ya Wazungu. Hilo silikubali. Nenda kwenye mashindano ya baiskeli, Bariadi, Shinyanga au Mwanza, uone umati unavyosimama juani kumsubiri kijana aliyeinamia usukani wa Phoenix iliyovuliwa madigadi na keria. Kanda ya Ziwa imependa baiskeli tangu enzi za Raleigh, kipindi ambacho mkulima aliyeuza pamba vizuri alinunua kwanza baiskeli na redio, ndipo akafikiria mengine. Ilikuja Swala iliyoundwa hapa hapa nchini, zikaja za India na za China. Vijana waliendesha siku nzima kwenda kucheza ngoma kijiji cha tatu, na kurudi usiku kwa mwanga wa dinamo. Kama kwenda kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora kwa baiskeli si matembezi, basi sijui matembezi ni nini.

Sasa, kwa mtu aliyeko Mwamanyili mwenye siku mbili na baiskeli nzima, ningemshauri alipe ziwa mgongo. Njia ya ndani kutokea upande wa Nyashimo inapita Badugu na Ngasamo, na inatokea Dutwa kwenye barabara ya Lamadi kwenda Bariadi. Hiyo ni barabara, gari hupita, lakini si kwa wingi, na kandokando yake pana vichochoro vya ng'ombe vinavyokwenda sambamba nayo au kuikatiza. Utapita vilima vya Ngasamo, ambavyo chini ya majani yake mna madini ya nikeli yaliyowaleta watafiti na mashine zao za kuchoronga. Utapita mashamba ya pamba, ya mtama na ya dengu. Utaona yale mawe makubwa ya Usukuma, yaliyopandana kama magunia ghalani, na ukipanda juu ya mojawapo jioni utaiona mbuga nyeusi imelala hadi macho yanapochoka. Chakula si shida kwa anayejua kusalimia. Sema mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, shuka kwenye baiskeli unapompita mzee, na hutalala na njaa. Utapewa matobolwa na maziwa ya mgando, na utaulizwa ukoo wako hadi ujute.

Kushuka kwenye baiskeli si adabu ya bure. Mgeni anayekatiza vijijini kwa njia za ndani anapita karibu na maboma ya watu na ng'ombe wao. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, ilizaliwa katika nchi hii ya Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa mifugo, na macho yale hayajafumba. Ukifika kijiji utakacholala, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe, sema unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukifanya hivyo, kijiji kizima kinakuwa mlinzi wa baiskeli yako. Usipofanya hivyo, usilalamike ukiamshwa saa sita usiku ujieleze.

Majira nayo yana amri yake. Njia hizi ni za kuanzia Juni hadi Septemba, au mwanzoni mwa Oktoba kama mvua imechelewa. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna rafiki. Unaganda kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na kinachofuata ni wewe kuibeba baiskeli begani huku viatu vyako vikiongezeka uzito kila hatua. Ukikauka nao una hila zake: unapasuka nyufa ambamo gurudumu la mbele linaweza kuzama, na alama za kwato zilizokaukia kwenye tope huwa ngumu kama kokoto, zinakutikisa hadi meno. Anayejua hupita pembezoni mwa mbuga, kwenye udongo wa kichanga wa miinuko, hata kama ni mzunguko. Halafu kuna mbigili. Hiyo miiba midogo imewatia hasara mafundi baiskeli wachache sana na imewatajirisha wengi. Chukua pampu, viraka, solosheni, kipande cha msasa na mpira wa ndani wa akiba. Chukua na spoki mbili tatu, uzifunge kwenye fremu. Anayetegemea kukutana na fundi kila njia panda atalala njiani.

Kuna na tembo, na hili silisemi kwa mzaha. Tunapakana na Serengeti. Lango la Ndabaka liko jirani tu kwenye barabara ya Musoma, na tembo hawasomi vibao. Wanaingia mashambani, hasa mazao yanapokomaa, na vijiji vya ukanda huu wa Busega, Bariadi na Itilima vimeshazika watu. Mpanda baiskeli hana kelele, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa anaweza kumfikia mnyama kabla mnyama hajamsikia. Kwa hiyo safari ianze kumekucha na iishe kabla jua halijazama. Kando ya ziwa ogopa kiboko kuanzia jioni, maana hapo yeye ndiye mwenye njia. Ukitaka kuendesha baiskeli katikati ya wanyama kwa utaratibu, jirani zetu wa Kenya wanayo hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni hukodi baiskeli langoni na kupita karibu na twiga na pundamilia. Kule hakuna kundi la tembo wala simba wa kutisha kama huku kwetu, ndiyo maana inawezekana. Kuiga jambo hilo ndani ya Serengeti itakuwa kumtafutia mtu msiba.

Lakini nimeahidi kusema jinsi tunavyozipoteza njia hizi.

Mwizi wa kwanza ni jembe. Kila msimu wa kulima, shamba linasogea tuta moja kuingia njiani. Mwaka wa kwanza mkokoteni unapita kwa shida. Mwaka wa tatu imebaki nafasi ya mtu mmoja, na ng'ombe wakipita wanakanyaga pamba, na hapo ugomvi unaanza, unakwenda kwa mtendaji, unakwenda mahakama ya mwanzo. Mwaka wa tano njia haipo, na watoto wa kitongoji kile wanakwenda shule kwa kupitia barabara kuu, kwenye mabasi na malori. Ukihesabu waliogongwa na magari, kumbuka kuuliza na hilo: je, mtoto huyu alikuwa na njia nyingine, na nani aliilima?

Mwizi wa pili ni korongo. Njia ya ng'ombe ikikosa matunzo inageuka mfereji. Mvua moja kubwa inachimba, ya pili inapanua, na baada ya muda mnakuta bonde mahali mlipokuwa mkipita mkiimba. Kivuko kidogo cha magogo au karavati la mawe lingezuia yote hayo. Hapa ndipo ninapoukumbuka mradi wa Makete, kule Nyanda za Juu Kusini. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, wataalamu walikwenda Makete kuangalia usafiri wa vijijini. Walichokikuta hakikuwa kile ambacho wapangaji wa barabara walikizoea. Safari nyingi za kaya hazikuwa za kwenda mjini. Zilikuwa za ndani ya kijiji na jirani zake: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Zilikuwa za miguu, kwenye vijia, na mzigo ulikuwa kichwani mwa mwanamke. Ndipo mradi ukaanza kutengeneza vijia vyenyewe na kuweka vivuko kwa nguvu za wanakijiji, na kuhimiza punda na vyombo vingine rahisi vya kubebea. Somo lile linajulikana. Lakini mpaka leo kiongozi akija kuomba kura anaahidi lami, na sijawahi kumsikia anayeahidi kijia.

Mwizi wa tatu ni bodaboda, na hapa najua nitawaudhi vijana. Njia isiyo na magari si lazima iwe haina pikipiki. Vichochoro vyetu vimejaa pikipiki, zinakimbia mahali ambapo mtoto anajifunza kuendesha baiskeli ya baba yake kwa kupenyeza mguu chini ya fremu. Sisemi pikipiki zifukuzwe, kwa maana ndizo zinazompeleka mjamzito zahanati usiku. Ila kijiji kinaweza kuamua kwamba njia fulani, hasa ya shule, si ya pikipiki, na kikaweka nguzo mbili zinazoruhusu baiskeli na mtu, basi. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Inatunga za mbuzi wanaozurura, ishindwe na hili?

Nawakumbusha pia kwamba sheria kubwa zipo upande wetu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inatambua haki ya njia ya umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kuchora ardhi yake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa mapito ya mifugo. Pito likiingia kwenye mpango ule, anayelilima amevunja mpango wa kijiji kizima, si wa jirani yake tu. Na kwa wale wa kando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukanda huo wa mita 60 watu wanauona kama ardhi iliyonyang'anywa. Mimi nauona kama nafasi ya kijia chembamba cha udongo, kisicho na saruji wala kibanda, chenye miti upande mmoja na Ghuba ya Speke upande wa pili. Kingekwenda mwalo hadi mwalo, na mvuvi angekitumia alfajiri kabla ya mgeni kuamka. Waulizwe watu wa mazingira kwanza, lakini waulizwe.

Wanyarwanda wameonesha kwamba jambo hili linaweza kuleta wageni. Kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, waliunganisha njia za vijijini wakazipa jina moja la Kongo-Nile, kilomita 227. Watu wanatoka mbali kuipita kwa baiskeli na kwa miguu, wanalala vijijini, wanakula vijijini. Na mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Lakini Rwanda pia inatupa onyo: lami ya kando ya ziwa ilipojengwa, baadhi ya vipande vya njia ile viligeuka barabara ya magari, na waendeshaji wakaanza kulalamika. Njia ikipata jina bila kupata ulinzi, lami ikija inaimeza.

Kwa hiyo mgeni wa utalii simweki mbele. Njia inayomfaa binti wa kidato cha pili aendaye shule, inayomfaa mchuuzi wa samaki na muuza maziwa, itamfaa pia mtu aliyetoka Dodoma au Ujerumani na mahema yake kwenye keria. Ukianza kwa kumtengenezea mtalii, utaishia na kibao kizuri na njia yenye majani.

Gharama yake haitishi. Mawe tunayo mengi kuliko tunavyotaka. Jiwe moja kila njia panda, lipakwe chokaa, liandikwe namba kama walivyofanya Wabelgiji. Mzee mmoja wa kila kitongoji akae na vijana jioni moja wachore njia zote anazozikumbuka, zilizopo na zilizolimwa. Kivuko cha magogo kwenye korongo baya, kwa siku ya msaragambo. Karatasi ya njia hizo ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa wakala wa barabara za vijijini, TARURA, ili siku greda likija lisizifukie.

Mvua za vuli zikianza, majembe yataingia shambani. Wenyeviti wa vitongoji vya Mwamanyili, na ninyi wa Busega nzima, itisheni kikao kabla ya hapo. Pimeni upana wa mkokoteni mmoja na baiskeli mbili zinazopishana, wekeni mawe pande zote mbili, na mwenye shamba aambiwe mbele ya jirani zake kwamba mpaka wake unaishia hapo.